Chakula cha Nyanzala

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Asubuhi mawingu mazito, upepo kidogo, mvua hakuna.

Tumerudi juzi kutoka hospitali ya rufaa. Nimefungua madaftari mawili. La kwanza ni la hospitali: humo naandika uzito wa chakula, rangi ya kijikaratasi cha mkojo, idadi ya kuanguka, na saa Nyanzala anapolala. Hili la pili ni langu. Miaka minne nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha tumbaku kule Inyonga, kuandika hakunichoshi. Ila kuna mambo ambayo hayana safu kwenye daftari la hospitali.

Nyanzala ana miaka sita. Kifafa kilimwanza akiwa na miwili. Dawa aina tatu zimejaribiwa, na mwezi wa tisa alikuwa bado anaanguka mara sita hadi nane kwa siku. Kovu la moto kwenye mkono wake wa kushoto ni la siku niliyogeuka kuchukua chumvi.

Dada Hana, mtaalamu wa lishe, ametuanzishia lishe ya keto. Alinieleza hivi: mwili ukinyimwa wanga na sukari unaanza kuchoma mafuta, na kwa baadhi ya watoto ubongo unatulia. Kijikaratasi cha mkojo kikigeuka zambarau, mafuta yanachomwa; kikibaki pinki, bado. Kwa hiyo hakuna ugali, wali, viazi, ndizi, uji, soda wala asali. Hata dawa ya maji haifai, ina sukari, tunampa vidonge. Chakula chake ni samli, mayai, parachichi, mchicha, krimu ya maziwa, na samaki kidogo. Kila kitu kinapimwa kwa gramu. Mlo wa asubuhi wa leo: yai 40, samli 22, parachichi 20, mchicha 15.

Mizani amenipa kaka yangu Jean Bosco. Ni ndogo kama kiganja, wanayopimia dhahabu huko machimboni anakofanya kazi. Jirani yangu Pudensiana aliiona akacheka mpaka akakaa chini. "Sisi tunapima mahindi kwa debe, nyie mnapima mchicha kwa mizani ya dhahabu. Huyo mtoto mtamuuza wapi?"

Jioni nilimweka Mama kikao. Mama ni mama yake mume wangu Malale, tunakaa naye boma moja hapa Kasokola. Nilimweleza yote pole pole, Malale akitafsiri pale Kiswahili changu kilipokuwa cha kasi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hata kijiko cha uji?"

Nikasema, "Hata ncha ya kidole, mama."

Akatazama mikono yake. "Nimesikia, mwanangu. Sitampa."

Samli ataitengeneza yeye. Hakuna mtu hapa Kasokola anayemshinda kwa kusukasuka kibuyu.

Jumanne, 12 Novemba
Mawingu. Kijikaratasi: pinki. Ameanguka mara tano.

Alhamisi, 14 Novemba
Mvua ya kwanza, ya nusu saa, saa kumi na mbili asubuhi. Harufu ya vumbi lililolowa.

Nyanzala alilia kuanzia saa nne mpaka saa sita akitaka ugali. Si kilio cha deko. Alikaa mlangoni pa jiko akitutazama sisi tunakula, machozi yanashuka bila sauti. Malale aliacha tonge akatoka kwenda kwenye ng'ombe. Mama hakugusa chakula kabisa.

Jumapili, 24 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Kijikaratasi kimefika zambarau nzito, kama Dada Hana alivyoniahidi. Ameanguka mara mbili tu. Sikwenda misani. Nilisali rozari kando ya mizani.

Ijumaa, 29 Novemba
Jua asubuhi. Zambarau. Hajaanguka.

Jumamosi, 7 Desemba
Ukungu asubuhi, kisha jua. Zambarau. Siku ya tisa hajaanguka.

Sijui niandike nini, nimezoea kuandika mabaya. Amejua kufunga kamba za viatu. Amemwimbia ndama. Leo alimkuta Mama anataka kula bila kunawa, akaweka mikono kiunoni: "Mwanangu, umenawa wewe?" Mama akainuka haraka haraka. "Naam, mayu, nakwenda kunawa." Sote tukacheka.

Huo ni utani wao. Mtoto wangu amepewa jina la mama yake Mama, na kwao Wasukuma anayebeba jina amembeba na mwenye jina. Ndiyo maana Mama humwita mayu, yaani mama, naye mtoto humwita bibi yake mwanangu. Kwetu Katumba, kwa Warundi, hatuna utani wa namna hii. Mwanzoni ulinishtua. Sasa nauona mzuri.

Jioni, tukichambua mchicha, nilimuuliza Mama huyo Nyanzala wa kwanza alikuwa mtu wa namna gani. Malale ameniambia mara nyingi kwamba mama yake halizungumzii jambo hilo. Leo alilizungumza, bila kuniangalia.

"Tulikuwa tunahama kutoka Shinyanga na ng'ombe. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kama tisa. Mwaka ule ulikuwa wa njaa. Ng'ombe wengi walikufa njiani, maziwa yakakauka. Mama yangu alikuwa anapika uji kidogo, anatugawia sisi watoto, yeye anasema, nimeshakula nikipika. Kila siku anasema hivyo. Na sisi tulikuwa watoto, tuliamini. Mimi ndiye mkubwa. Mimi nilikuwa naiona sufuria, haibaki kitu."

Akachukua fungu jingine la mchicha. Nikafikiri amemaliza.

"Siku aliyokufa niliona mkono wake. Mwembamba kama huu mti wa mchicha. Na mimi nilikuwa nimeshiba."

Nilitaka kumshika bega, sikujua kama inaruhusiwa.

Jumatano, 11 Desemba
Mvua kubwa na radi. Zambarau. Hajaanguka. Mahindi yanafika gotini.

Jumatatu, 16 Desemba
Mawingu mepesi. Kijikaratasi ni pinki. Nilipima mara mbili. Ameanguka mara tatu.

Jumanne, 17 Desemba
Mvua. Pinki iliyopauka. Mara nne. Nimepima tena kila kitu, hata chumvi. Nimejaribu mizani kwa betri mpya.

Ijumaa, 20 Desemba
Manyunyu asubuhi. Pinki. Mara nne.

Nimeona jambo. Nyanzala alipokuwa amelala mchana, sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka ukutani mpaka kwenye mkono wa gauni lake. Wengine walikuwa kwenye pembe ya mdomo wake. Niliwapangusa. Nilinusa gauni, sikupata kitu ila moshi. Mtoto asiyeonja sukari wiki ya sita, sisimizi wanamfuatia nini?

Jumatano, 25 Desemba
Krismasi. Mvua asubuhi mpaka saa tatu, kisha jua kali.

Nimefanya kitu nitakachokikumbuka. Mbele ya Malale na mbele ya Pudensiana aliyekuja na sahani ya pilau, nilimwambia Mama, "Unamlisha mtoto."

Alikuwa anasukasuka kibuyu cha maziwa. Akaacha.

"Nani?"

"Wewe, mama. Mimi nikienda kisimani alfajiri, unampa kitu. Kijikaratasi kinasema. Sisimizi wanasema."

Malale akasema, "Mama Nyanzala, punguza sauti."

"Sipunguzi. Ameanguka mara kumi na saba toka Jumamosi."

Mama akashuka kwenye kigoda. Akachota udongo uliolowa, akauweka kwenye ulimi wake, akaufumbia mdomo. Kisha akasema, meno yakiwa meusi, "Nikimlisha mtoto huyu, udongo huu unile. Nilikwambia sitampa. Sijampa."

Pudensiana alichukua sahani yake akaondoka na pilau lake. Najua kufikia jioni Kasokola nzima ilikuwa na habari.

Jumapili, 29 Desemba
Mvua. Pinki. Mara tano. Mama hasemi na mimi. Samli ananiletea, anaiweka mlangoni.

Jumamosi, 4 Januari 2025
Ukungu mzito, silioni hata banda la kuku. Pinki. Mara tatu.

Baada ya kuanguka mara ya pili Nyanzala alilala kidogo, na alipofungua macho hakunitazama mimi. Alitazama mlango. Akasema taratibu, "Nyanzala ameshiba leo."

Nikamuuliza, "Nyanzala yupi?"

Akafumba macho.

Nimesoma mpaka kidato cha nne. Nilipata B ya Biolojia. Najua kwamba mtoto akitoka kwenye kifafa husema maneno yasiyo na mpango. Hata hivyo nilikwenda nikafunga dirisha, mchana kweupe.

Jumatano, 8 Januari
Mvua ya mawe kidogo saa moja asubuhi. Pinki.

Nimezungumza na Dada Hana kwa simu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na ndiyo iliyonitisha.

"Mama Nyanzala, kijikaratasi hakidanganyi. Kuna wanga unaingia."

"Mimi simpi, dada."

"Sijasema wewe. Lakini lishe ya nusu nusu inampa madhara yake bila faida. Tufike tarehe kumi na nne mwezi wa pili. Kama bado ni pinki, itabidi tusimamishe, tumrudishe kwenye dawa tu."

"Dawa tu zilikuwa zinampa kuanguka mara nane."

"Najua," akasema.

Nilimweleza Malale. Alizungusha fimbo yake. Halafu akasema, "Hiyo tarehe ikipita, nampeleka kwa mjomba Kibaoni. Kuna mganga. Wewe umejaribu kwa njia yako, sijakuzuia."

Na hakunizuia, ni kweli. Huko Kibaoni watamlaza karibu na moshi wa dawa na hakuna atakayekaa kati yake na moto. Nimelitazama kovu lake leo kwa muda mrefu.

Jumatatu, 13 Januari
Mvua. Pinki. Mara nne.

Ijumaa, 17 Januari
Mvua. Pinki. Mara nne. Nyayo ndogo kwenye tope, kutoka mlango wa nyuma kuelekea zizini. Nyanzala alikuwa amelala nilipozikuta. Nilipofunua shuka miguu yake ilikuwa safi, na shuka ilikuwa imelowa upande wa miguuni. Sikumwambia Malale.

Nyuma ya zizi mimi sifiki. Nilipoolewa, Malale alinionyesha boma lote, akafika hapo akasema, "Huko ni kwa mama." Kuna kijumba cha nyasi, urefu wake haufiki kiunoni, cha mizimu ya kwao. Mimi ni Mkatoliki, nilifurahi kuambiwa nisiende. Miaka minane nimekizunguka kwa mbali kama mtu anavyozunguka siafu.

Jumapili, 26 Januari
Mvua tangu jana haijakata. Korongo limejaa.

Naandika haya siku ya pili yake, lakini naweka tarehe ya jana kwa kuwa ni mambo ya jana.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi Nyanzala alianguka kati ya meza na mlango. Nilimgeuza ubavu, nikaweka kanga chini ya kichwa, nikatazama saa. Ndiyo kazi yangu, kutazama saa. Kwa kawaida ni dakika moja, moja na nusu. Dakika ya tatu midomo ilikuwa ya bluu. Dakika ya tano nilimpa ile dawa ya dharura ya njia ya haja kubwa, kama nilivyofundishwa. Dakika ya nane bado. Dakika ya kumi bado.

Malale alimfunga mgongoni kwa shuka akakimbia. Mimi nyuma na mfuko wa dawa. Bodaboda walikuwa ng'ambo ya korongo, hakuna anayevuka. Maji yalikuwa yamefika kwenye matawi ya chini ya mti ulio kwenye kivuko. Malale akaingia. Yalimfika kifuani. Nilimwona amemshusha mgongoni na kumwinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, na mtoto anatikisika huko juu, na mvua inampiga usoni. Mtu wa ng'ambo alirusha kamba.

Mimi sijui kuogelea. Nilibaki ukingoni na saa mkononi. Mtu akiniuliza ni lini nimekuwa peke yangu duniani, nitasema ni hapo.

Dakika ya kumi na saba alitulia. Walikuwa wameshamfikisha kwenye ukingo wa pili. Nilimwona Malale amemlaza kwenye mapaja, kisha akapaza sauti juu ya maji, "Anapumua. Ametapika."

Muuguzi wa zahanati alifika na pikipiki upande ule akakaa naye mpaka saa nane, maji yalipopungua. Walimvusha akiwa amelala. Shati la Malale lilikuwa na matapishi. Nililichukua kulifua, na kabla sijalitia majini nililinusa.

Uji wa mtama. Na asali.

Jumatatu, 27 Januari
Mawingu, hakuna mvua. Amelala karibu siku nzima.

Nilimwonyesha Malale chembe za mtama nilizozikusanya kwenye kijiko. Alizitazama kama mtu anayesomewa hukumu.

"Mama yangu alilamba udongo," akasema.

"Nilimwona."

"Basi nani?"

"Namchukua Nyanzala, nakwenda naye Katumba kwa wazazi wangu. Keshokutwa."

"Ukienda naye Katumba bila samli ya mama utampa nini?"

Ile ya sokoni wanachanganya na mafuta ya kupikia. Maisha ya mwanangu yametoka kwenye kibuyu cha mtu huyo huyo.

Alhamisi, 30 Januari
Alfajiri kavu, nyota bado zipo, mwanga kidogo upande wa mashariki.

Saa kumi na moja na nusu nilichukua ndoo kama kawaida, nikapiga hatua nzito ili nisikike. Nikaiacha ndoo kwa Pudensiana, nikarudi kupitia shamba la mahindi mpaka nyuma ya zizi. Nilitaka nimkamate mkono wake ukiwa mdomoni mwa mwanangu. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno.

Mama alikuja peke yake. Alikuwa na bakuli la bati. Akapiga magoti mbele ya kile kijumba, akaliweka ndani, akasema na mtu. Kisukuma changu ni kidogo, lakini niliyaelewa: kula mama. Sasa chakula kipo. Kula, Nyanzala. Kisha alikaa kimya kama anayesubiri kupokelewa bakuli kutoka upande wa pili. Akainuka kwa shida, akaenda kukamua ng'ombe. Hakugeuka nyuma.

Nikasikia aibu. Nilikuwa naanza kurudi kwa kinyumenyume.

Ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka. Nyanzala alitoka pekupeku. Hakukimbia kama mtoto anayeiba. Alitembea. Alipofika alipiga magoti mahali palepale, kwenye alama za magoti ya bibi yake, akalivuta bakuli, akanywa taratibu, bila kupumzika, macho ameyafumba. Alikuwa ameikunja miguu chini yake kama wanavyokaa wazee wa kwao. Alilamba bakuli kwa kidole. Alilirudisha ndani kwa uangalifu, upande uleule. Akafuta mdomo kwa mkono wa gauni. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nyanzala ameshiba."

Nilikuwa hatua sita kutoka kwake na sikuweza kusogea. Naandika ukweli hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: kwa muda fulani sikujua ni nani anayekula.

Kisha akaniona kwenye mahindi. Akaogopa, akawa mtoto wangu.

Nilimbeba mpaka ndani. Nilimuuliza kwa upole, nikijilazimisha. "Nani alikwambia ule kile chakula?"

"Hakuna."

"Sasa kwa nini ulikula?"

"Bibi alisema ni cha Nyanzala." Akanitazama kama mimi ndiye mzito wa kuelewa. "Anasema kila siku. Kula Nyanzala. Na wewe umesema nisile chakula cha watu. Kile si cha watu. Ni changu."

Nilimwosha miguu. Kumbe huiosha mwenyewe, kwenye beseni la kuku.

Ijumaa, 31 Januari
Mvua nyepesi asubuhi.

Nilisubiri Malale apeleke ng'ombe. Nilimkuta Mama jikoni, nikapiga magoti, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele yake. Nilimwomba msamaha wa Krismasi. Kisha nikamweleza nilichokiona.

Mwisho akauliza, "Toka lini?"

"Toka bakuli lilipoanza kuwa tupu, mama."

"Nililiweka mara ya kwanza baada ya siku ile tulipochambua mchicha. Nilikuwa nimemkumbuka sana. Siku tatu halikuguswa, kuku wakalimwaga. Siku ya nne nikalikuta tupu, limelambwa. Nilikaa pale nikalia kwa furaha." Alikuwa anazungumza na moto. "Lote alikuwa anakula?"

"Lote."

"Analamba?"

"Analamba, mama."

Nilifikiri atalia kwa ajili ya mtoto, kwa zile dakika kumi na saba. Nafikiri hilo pia lilikuwemo. Lakini alichosema ni hiki: "Basi mama yangu hajala."

Akainuka, akatundika kibuyu chake ukutani, akatoka.

Jumapili, 2 Februari
Jua. Pinki. Mara mbili. Malale amekijengea kijumba ua wa miiba. Bakuli haliwekwi tena.

Jumanne, 4 Februari
Mvua. Zambarau hafifu. Mara moja.

Mama hajasukasuka maziwa toka Ijumaa. Nilimuuliza. Alinionyesha mikono yake. "Hii imemnyima mmoja na kumdhuru mwingine. Usiipe maziwa ya mtoto."

Samli iliyobaki ni gramu 310. Ni siku nne na nusu.

Alhamisi, 6 Februari
Mawingu. Zambarau. Hajaanguka. Nimesukasuka mwenyewe saa mbili nzima, nikapata vipande vya siagi kama punje za mchele. Pudensiana alinitazama juu ya ua. "Unakitikisa kama unamfukuza mbwa. Kibuyu kinabembelezwa." Akaingia akanisaidia. Ni mara ya kwanza anaingia bila kujifunika pua kwa kanga, maana huamini mate ya mwenye kifafa yanaambukiza.

Mama halali. Malale anasema hajalala toka siku ile, anasinzia akiwa amekaa, anashtuka. Mchana anakaa kwenye kigoda uso umeelekea zizini.

Nilimuuliza anasikiliza nini. Akasema, "Sufuria ya mama."

Jumatatu, 10 Februari
Mvua. Zambarau nzito. Hajaanguka. Samli gramu 60, ya kwangu na ya Pudensiana, ina harufu ya moshi. Nyanzala ameila akakunja uso.

Ijumaa, 14 Februari
Mvua kubwa asubuhi, mtandao umepatikana saa nne.

Nilimsomea Dada Hana daftari zima la hospitali kuanzia tarehe thelathini na moja. Akasema: "Endelea, Mama Nyanzala. Hatusimamishi."

Nilimweleza Malale. Hakusema kitu juu ya Kibaoni. Alikwenda kumtazama mtoto amelala, akasimama hapo na buti zake za tope.

Nilimweleza Mama. Akasema, "Vizuri." Macho yake yameingia ndani. Mkono wake niliposhika ulinikumbusha alichonisimulia, ule mti wa mchicha. Hali kitu. Anasema ameshakula.

Jumatano, 19 Februari
Mvua. Zambarau. Hajaanguka. Mama: kikombe kimoja cha maziwa. Nimeanza kumwandika kwenye daftari la hospitali, ukurasa wa nyuma.

Jumatatu, 24 Februari
Jua na mvua pamoja. Zambarau. Hajaanguka. Mama: maziwa nusu kikombe. Hakulala.

Jumamosi, 1 Machi
Asubuhi anga limeoshwa, safi, matone bado kwenye mahindi. Mahindi yamebeba.

Zambarau. Siku ishirini na nne hakuanguka, na leo ameanguka. Kidogo, sekunde ishirini, saa tano na dakika arobaini, kwenye mkeka mbele ya kigoda cha Mama. Mimi nilikuwa napima mchicha. Nilifika nikiwa na mizani mkononi. Mama alikuwa ameshamgeuza ubavu, amemwekea mkono chini ya shavu, kama ninavyofanya mimi. Kumbe amekuwa akiangalia miaka yote hii.

Tulisubiri. Nyanzala alifungua macho. Hakutazama mlango. Alimtazama bibi yake, muda mrefu, kwa namna asiyonitazama mimi, na akasema kwa Kisukuma, neno moja moja, "Nilishiba, mwanangu."

Mama hakusogea.

"Nilishiba," akasema tena, akamgusa kidevu. Kisha akalala.

Huenda ulikuwa utani wao. Huenda alitusikia jikoni siku ile, masikio ya watoto hayana mlango. Huenda ni maneno ya kifafa yasiyo na mpango. Nimeziandika zote tatu, na sikupigia mstari hata moja.

Mama alikaa na mkono wake bado chini ya shavu la mtoto mpaka jua lilipohama mkekani. Halafu akauondoa pole pole. Akaomba maji, akanawa. Akaniambia, "Niletee kibuyu, mwanangu. Hiyo samli yenu inanuka."

Nilimletea na maziwa ya jana. Alikipakata akaanza kukibembeleza, mbele na nyuma, mbele na nyuma, sauti ile ya maji mazito niliyokuwa nimeisahau. Nilirudi kwenye mizani. Mchicha gramu 15. Parachichi 20. Nilipoinua kichwa sauti ilikuwa imekoma. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea nguzo, mdomo wazi kidogo, kibuyu mapajani, mikono imekishikilia, na Nyanzala miguuni pake.

Sikuwaamsha. Nilichukua daftari la hospitali, safu ya mwisho, ile ya usingizi. Nyanzala: saa tano na dakika arobaini na sita.

Chini yake nikaongeza mstari. Mama: saa nane na robo mchana.